Skripti ndo bajeti yenyewe: niliyojifunza kwenye filamu fupi za hela ya mfukoni

Vijana wengi wakitaka kuanza kutengeneza filamu fupi swali la kwanza ni kamera, ninunue kamera gani, lenzi gani, drone nikodi wapi, na mimi siku zote nawajibu kwa kuuliza skripti iko wapi niisome. Siwakatishi tamaa hata kidogo. Ni kwamba kwenye filamu ya hela ya mfukoni kila neno unaloandika kwenye skripti lina bei na anaelipa ni wewe. Ukiandika "NJE. MTAANI - USIKU. Mvua inanyesha" umetumia sekunde chache tu kuandika, lakini hapo umeshaagiza taa, jenereta, mafuta ya jenereta, maji ya kumwaga na mtu wa kuyamwaga, nguo za kubadilisha maana zitalowa, turubai la kufunika vifaa, na kibali cha kukaa barabarani usiku na watu wako. Sasa jiulize hiyo mvua inafanya nini kwenye stori. Mara nyingi haifanyi kitu, imewekwa kwasababu mwandishi aliiona vizuri kichwani. Ukiitoa, stori inabaki ileile na umeokoa hela ya kuwalisha watu wako wikiendi nzima.

Mi nimekulia kwenye Bongo movie za diski, zile za part one na part two, na nazipenda mpaka kesho. Muigizaji Kanumba alipofariki Aprili 2012 mitaa ya kwetu ilizizima, watu wazima walilia, kwahiyo nikisema haya sisemi kwa kudharau. Ila biashara ya kipindi kile ilikuwa inataka stori moja ijaze diski mbili, ndo maana unaona gari linafika getini, honi inapigwa, mlinzi anafungua, gari linaingia, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka sebuleni, anakaribishwa juisi, alafu ndo anasema alichokuja kusema. Sisi tuliojifunza filamu kwa kuangalia zile tumebeba huo mwendo kwenye damu, na ukiuleta kwenye filamu ya dakika 9 unakuta dakika 4 zimeisha mtu bado yuko getini. Filamu fupi anza pale ambapo mtu ameshafika na neno liko mdomoni. Getini tuachie sisi watazamaji tutajaza wenyewe.

Nitoe mfano wa filamu yetu moja ambayo ndo ilinifundisha zaidi kuliko zote. Stori yake ni hii: mzee mmoja amefiwa na mkewe, anapekua vitu vya marehemu anakuta risiti ya fundi cherehani, kumbe mama alipeleka kitenge kishonwe gauni na hakuwahi kwenda kulichukua. Mzee anaenda kulifuata. Fundi nae alishasubiri miezi, mteja haonekani, simu haipatikani, akakikata kile kitenge akamshonea mwanae. Basi. Watu watatu, kibanda kimoja, mchana. Hakuna hospitali, hakuna msiba wenye turubai na viti vya kukodi, hakuna kuonyesha mama akiwa hai amelala kitandani anakohoa. Vyote hivyo vilikuwepo kwenye drafti za mwanzo na vilikuwa vizuri kabisa kusoma, ila stori ilikuwa ina mgeuko mmoja tu, pale mzee atakapojua kitenge kiko wapi, na kila kilichokuwa hakisukumi kwenda pale kilikatwa.

Swali likabaki, mtazamaji atajuaje kwamba gauni alilovaa mtoto ndo kitenge cha marehemu bila mtu kusema? Hapa jibu lilitoka kwa mafundi wenyewe. Ukienda kwa fundi mwenye wateja wengi utaona anakata kipande kidogo cha kitambaa anakibana kwa pini kwenye karatasi ya vipimo ili asichanganye mizigo ya watu. Nikakichukua hicho. Mzee anaingia na karatasi iliyokunjwa, ndo ile risiti, anaifungua, ndani kuna kipande cha kitenge kimebanwa na pini. Kamera inakaa pale muda kidogo. Dakika kadhaa baadae mtoto anatoka shule, anapita mlangoni, tunaona gauni. Hakuna aliyesema chochote na kila mtu ameelewa. Gharama yake ni kitenge kimoja kutoka Kariakoo na pini. Ndo maana nasema ukikosa hela nenda kakae na watu wa ile kazi unayoiandikia, fundi, muuza genge, dereva wa bajaji, kaa nae mchana mzima uangalie mikono yake inafanya nini, utaondoka na vitu ambavyo mwenye bajeti kubwa aliyekaa ofisini hawezi kuvipata.

Sasa nije kwenye mazungumzo, maana hapa ndo naona skripti zetu nyingi zinaumia. Drafti ya kwanza ya sini ya mzee na fundi ilikuwa inaenda hivi:

FUNDI: Shikamoo mzee.
MZEE: Marahaba mwanangu, hujambo?
FUNDI: Sijambo. Pole sana na msiba wa mama.
MZEE: Ahsante. Nimekuja kuchukua gauni la marehemu mke wangu alilolileta kwako mwezi wa tatu kabla hajafariki.

Isome kwa sauti utaona. Kiswahili ni fasaha, adabu ipo, lakini mzee anamwelezea mtazamaji, haongei na fundi. Fundi anajua gauni ni la nani na lililetwa lini. Hii tumeirithi kwenye michezo ya redio nadhani, kule ilikuwa lazima mtu aseme "naona umebeba kikapu" kwasababu msikilizaji haoni kikapu. Kwenye filamu kikapu kinaonekana.

Ila tatizo gumu zaidi ni salamu. Walimu wa video za kizungu mtandaoni wanakwambia kata salamu zote, hazina kazi. Kwetu ukikata salamu sini inakuwa ya uongo, mtazamaji wa Tanga au Unguja anaona kijana kaingia kwa mzee kaanza kuongea shida yake moja kwa moja, anakuwa hafikirii tena stori anafikiria huyu mtoto kalelewa na nani. Na ukiziacha zote, hodi, karibu, shikamoo, marahaba, za nyumbani, watoto hawajambo, umekula nusu dakika na hakuna kilichotokea. Nililizungusha hilo kichwani muda mrefu sana na jibu halikutoka kwangu, lilitoka kwa muigizaji aliyecheza mzee. Ni mtu wa jukwaani, amesomea chuo cha sanaa Bagamoyo enzi kabla hakijaitwa TaSUBa, ana sauti ya kujaza ukumbi. Tumekaa kwenye mkeka tunasoma skripti pamoja, fundi kasema shikamoo, na yeye kanyamaza. Anaangalia karatasi yake tu. Wote tukanyamaza nae. Nikamuuliza, "Baba, hapo mbona hujaitikia?" Akanijibu taratibu, "Mwanangu, huyu mzee amekuja na jambo zito kifuani. Akisema marahaba amelitua. Bado hajataka kulitua."

Sini nzima ikaandikwa upya usiku uleule:

NDANI. KIBANDA CHA FUNDI - MCHANA

Fundi anashona. Mzee anasimama mlangoni, mkononi karatasi iliyokunjwa.

MZEE
Hodi.

Fundi anainua kichwa. Anamtambua. Mguu wake unaacha kukanyaga cherehani.

FUNDI
Karibu mzee. Shikamoo.

Mzee haitikii. Anaingia, anafungua karatasi, anaiweka juu ya meza ya cherehani. Kipande cha kitenge, pini.

FUNDI
Shikamoo mzee.

Kimya.

Angalia salamu imefanya kazi gani hapo. Shikamoo ya pili inauma, maana kila mtu anaeongea Kiswahili anajua kunyimwa marahaba ni nini, unaihisi tumboni. Na mwisho wa filamu mtoto anaingia na gauni lake, hajui lolote, anasema "Shikamoo babu," mzee anamtazama gauni, anamtazama uso, alafu anasema "Marahaba." Filamu inaisha hapo. Tangu siku ile kila sini nikiandika najiuliza nani anamwamkia nani, nani anachelewa kuitikia, nani anaitikia huku anaangalia pembeni. Hii ni hazina yetu na ni ya bure, hakuna haja ya kuikata wala kuiacha ijae maji, ipe kazi.

Na usomaji wa pamoja kwenye mkeka usiuruke hata kama umebanwa vipi. Hauna gharama zaidi ya chai na maandazi. Pia chukua simu piga saa wakati mnasoma. Wanasema ukurasa mmoja kwa mpangilio wa kawaida, herufi za Courier saizi 12, ni kama dakika moja kwenye skrini, ni kipimo kizuri cha kuanzia, ila sini zenye vitendo na ukimya kama hii ya juu ukurasa unaweza ukazaa dakika mbili. Oscar wao wanahesabu filamu fupi mpaka dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, lakini matamasha mengi wanapanga filamu fupi kadhaa kwenye kipindi kimoja, kwahiyo ya dakika 9 inapata nafasi kirahisi kuliko ya dakika 30.

Ukirudi kwenye ile skripti kuna kitu kingine nataka ukione, ule mstari wa mguu kuacha kukanyaga cherehani. Huo ni uigizaji, fundi ameshtuka, lakini pia ni sauti. Cherehani ya miguu ina kelele, ukirekodi mtu anaongea huku inazunguka hutosikia neno, na ukienda kuediti hutaweza kuitoa. Kwahiyo kimya kimeandikwa kwenye skripti. Mlio wa cherehani tuliurekodi peke yake baada ya waigizaji kuondoka, simu imelazwa karibu na gurudumu, ukaja kuwekwa kwenye editing. Mwandishi wa filamu ya bei ndogo lazima aandike huku anasikiliza, kwasababu mtazamaji anavumilia picha yenye ukungu kidogo, sauti mbovu haivumilii, anafunga.

Na Dar kwa sauti ni mtihani. Kunguru wa hapa mjini wakianza asubuhi wanafunika kila kitu. Bodaboda, muuza samaki, spika ya duka la jirani, bati linalolia tiki tiki jua likilipata. Kabla hatujakubali lokesheni yoyote nakwenda kukaa pale saa zilezile tutakazoshuti, nafumba macho nasikiliza tu. Saa za adhana nazijua kabla na ratiba inapangwa kuzunguka hapo, wakati wa adhuhuri watu wanapumzika, wanaoswali wanaswali, chakula kinaliwa, na hakuna anaekimbizana. Ndani zima pangaboi, zima friji, na ufunguo wa gari au wa nyumba uweke ndani ya friji ili msije mkaondoka bila kuliwasha mkaacha nyama ya watu inaoza. Kila eneo kabla ya kuondoka wote simameni kimya dakika moja mrekodi sauti ya chumba kikiwa kimya, mtu wa editing atakuombea dua maana ndo anaitumia kuziba viraka. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo iliyochomekwa kwenye simu nyingine mfukoni mwa muigizaji inatosha, mwanzo wa shoti piga kofi moja mbele ya kamera ili picha na sauti vikutane baadae. Kama nguo ni ya kitambaa kinachochakacha badilisha nguo, usibishane nayo.

Kwa picha sitaki kuongea sana, ila kuna vitu vya kwetu ambavyo video za wenzetu hazikwambii. Umeme wetu ni wa hertz 50, simu nyingi zimepangwa fremu 30 kwa sekunde, ukishuti chini ya taa unaona mistari inapanda na kushuka ukutani. Weka fremu 25 na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde, imeisha hiyo. Jua la saa sita hapa linakaa juu ya utosi, macho ya mtu yanakuwa mashimo, kwahiyo saa sita ni ya sini za ndani au ya kula. Na jioni yetu ni fupi sana, tuko karibu na ikweta, jua la Dar linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo kutegemea mwezi, likishazama una kama dakika 20 giza limeingia, sasa ukiandika sini ndefu ya "machweo" jua kwamba utaishuti kwa siku kadhaa au utaibeba nusu. Ngozi zetu nyeusi mbele ya ukuta mweupe simu inadanganyika, inaona ukuta inatia uso giza. Gusa usoni pa muigizaji kwenye skrini ufunge kipimo cha mwanga hapo, ukuta ukiungua uungue. Kibanda cha fundi kilikuwa na mlango mmoja mpana, ule mlango ndo ulikuwa taa yetu, upande wa pili mtu kashika shuka jeupe linarudisha mwanga shavuni. Ukiona filamu huwezi kujua kwamba hakuna taa hata moja iliyowashwa.

Sasa watu. Hii sehemu wengi hawaiweki kwenye skripti lakini mimi naiona ipo humohumo. Ukiandika waigizaji 12 umeandika nauli 12, sahani 12, na simu 12 za kupigwa alfajiri kuuliza umefika wapi. Mtu hata akikubali kuja bure kwa mapenzi yake, nauli umpe, tena umpe asubuhi akifika sio jioni akiondoka, na chakula kiwe cha kueleweka, mama ntilie wa jirani apewe oda jana yake, wali maharage na samaki na maji mengi. Watu wakishiba wanakupa shoti moja zaidi saa kumi jioni wakati mwili umechoka. Na muandikiane, karatasi moja tu inayosema nani amefanya nini, filamu itatumika wapi, ikipata hela itagawanywa vipi, wasaini siku ya kwanza mkiwa bado mnapendana.

Kibali usikwepe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka uwe na kibali kabla hujaanza kushuti na wanaohusika ni Bodi ya Filamu, hata kama mko wanne na simu. Zaidi ya hapo nenda serikali ya mtaa, msalimie mwenyekiti, mueleze mjumbe, maana kamera ikitokea mtaani watu wa kwanza kuulizwa ni wao. Siku moja mwenye nyumba alibadilisha mawazo asubuhi tumeshashusha vifaa, anataka mara mbili ya tuliyokubaliana, na aliyetuokoa ni mjumbe alieongea nae pembeni kwa utaratibu kabisa, na jirani alietufungulia uwani kwake. Sini iliyokuwa ya sebuleni ikachezwa uwani mtu anafua. Iliwezekana kwasababu ilikuwa ya watu wawili wanaongea, haikutegemea sofa. Nikiandika siku hizi nahakikisha kila sini inaweza ikahamia sehemu nyingine bila stori kufa.

Sare za polisi na za jeshi ziepuke kwenye skripti kama huna barua, na nyimbo maarufu pia ziepuke, hata ile inayosikika kwa mbali kwenye redio ya jirani. Matamasha yanauliza haki ya muziki, na wimbo wa mtu ni jasho lake kama filamu yako ilivyo jasho lako. Kuna vijana wapiga gitaa, wapiga ngoma, wanafunzi wa taarab pale Zanzibar, ongea nao, wanapenda kazi, nao muandikiane.

Kwenye editing programu ya bure kama DaVinci Resolve inatosha kabisa kama kompyuta yako ina nguvu kidogo. Kabla ya kufuta kadi mafaili yawe yamekaa sehemu mbili tofauti, na hizo sehemu mbili zisisafiri kwenye begi moja. Alafu maandishi ya tafsiri chini ya picha, usimwachie mtu wa mwisho aliechoka. Yanakaa mistari miwili, kila mstari kama herufi 40 hivi, na mtazamaji anatakiwa asome na bado aone uso. Nilipoanza kuweka tafsiri mwenyewe ndo nikaanza kuandika mazungumzo mafupi zaidi. Na lile "marahaba" la mwisho halikupata tafsiri yoyote. Tulijadiliana sana, mwisho tukaliacha skrini tupu, kwasababu mtu wa Toronto aliyekaa dakika 9 ameshaliona likinyimwa mara mbili, halihitaji kuelezwa.

Kutuma kwenye matamasha ni kupitia FilmFreeway mara nyingi, tovuti ya kutumia filamu matamashani, soma ada kwanza, mengine ni bure na mengine yanakula hela ambayo ingekushutia filamu nyingine. Ukipata nafasi nenda ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, lipo toka 1997, kaa Ngome Kongwe usiku uangalie filamu ukiwa katikati ya watu, wenyeji na wageni, usiangalie skrini tu waangalie wao. Utaona wanapocheka, wanapotoa simu, wanapoacha kutafuna. Na filamu yako ikikamilika iwahi kuonyeshwa pale mlipoishutia. Sisi tulifunga shuka lilelile jeupe ukutani karibu na kibanda, tukaazima projekta, mafundi wa mtaa mzima wakaja na viti vyao. Mmoja, mama mtu mzima, alinifuata baadae akaniambia ana vitenge vya wateja wa miaka ambavyo hawajarudi, amevifunga kwenye mfuko juu ya kabati na hajawahi kuthubutu kuvikata. Tukaongea mpaka usiku. Stori yake ndo naiandika sasaivi, ni kibanda kilekile, mchana, watu wawili.